Shule ya macho: Vijana wa Dar wanavyojifunza kuisoma filamu na kuitengeneza

Giza likishaingia, vibanda umiza vya Tandika, Mbagala na Tandale huanza kujaa. Mabenchi ya mbao, feni moja, runinga kubwa ukutani, na mlangoni pazia zito la kuzuia mwanga wa nje pamoja na macho ya wasiolipa kiingilio. Siku isiyo na mpira huwekwa muvi, na mara nyingi muvi hiyo imetafsiriwa. Juu ya sauti za waigizaji wa Kimarekani, Kihindi, Kikorea au Kichina inasikika sauti ya DJ. Anasimulia kwa Kiswahili cha mtaani, anawabatiza wahusika majina mapya, anamtahadharisha stelingi kwamba adui amejibanza nyuma ya mlango, na hadithi ikipoa anaichochea kwa maneno yake mwenyewe.

Watazamaji nao hawanyamazi. Wanabishana kama stelingi atapona. Wanamzomea aliyekosa shabaha wakati mtu yuko mbele yake. Wanakumbushana kwamba hata kwenye muvi ya juzi adui alijifanya amekufa hivyo hivyo, kisha akaamka.

Kijana aliyekulia kwenye mabenchi hayo akichaguliwa kusomea habari au filamu, anafika darasani akiwa ametazama sinema nyingi kuliko anavyodhani mwalimu wake. Anajua lini muziki unatangaza hatari. Anajua kwamba mhusika akionyeshwa anakohoa mara moja, kabla ya mwisho atalazwa hospitali. Anachokosa ni msamiati wa kueleza anayoyajua, na mazoezi ya kuyafanya kwa mikono yake. Makala haya yanahusu safari hiyo, kutoka kutazama hadi kuchambua, na kutoka kuchambua hadi kushika kamera, katika jiji ambalo lilianza kutengeneza filamu zake mitaani kabla vyuo havijawa na nafasi za kutosha kwa wanaotaka kuzisomea.

Milango ya kusomea ipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake, SJMC, iliyojijenga Mikocheni, wilayani Kinondoni. Mizizi yake ni chuo cha uandishi wa habari kilichoanzishwa na serikali mwaka 1975, kikaunganishwa na chuo kikuu mwaka 2003. Huko Mlimani, kampasi kuu ya chuo hicho, walimu wa sanaa bunifu wanafundisha filamu bega kwa bega na maigizo na muziki. Bagamoyo kuna TaSUBa, taasisi iliyotokana na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Mikocheni hiyo hiyo kuna Nafasi Art Space, iliyofunguliwa mwaka 2008, ambako wachoraji, wacheza ngoma na watu wa filamu hukutana chini ya paa moja.

Lakini anayeingia darasani Mikocheni akitokea Mbagala huwa ameshapita shule nyingine njiani, nayo inastahili kuheshimiwa.

Mtaa uliotangulia

Runinga ilianza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994, na haikuchukua muda vikundi vya maigizo vya Dar es Salaam vikapata jukwaa jipya. Kaole Sanaa Group, lililokuwa likionekana ITV, liligeuka kuwa chuo kisicho na cheti. Huko ndiko alikopitia Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga aliyezaliwa mwaka 1984, na wengine waliokuja kujulikana nchi nzima. Mwaka 2003 ikatoka filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Otieno, Mkenya aliyeishi Dar na kufahamika zaidi kama George Tyson. Baada ya hapo video za Kiswahili, zilizokuja kuitwa Bongo Movie, zilimiminika kwenye maduka ya Kariakoo, kwanza katika kanda za VHS, halafu VCD, halafu DVD.

Waliozitengeneza walijifunza kwa kufanya. Aliyeshika taa wiki hii, wiki ijayo alishika kamera. Muongozaji alikuwa pia mwandishi, pengine na mwigizaji. Kanumba alicheza katika Dar 2 Lagos, filamu ya mwaka 2006 iliyowakutanisha Watanzania na Wanaijeria, na baadaye akamleta nyota wa Nijeria, Ramsey Nouah, katika Devil Kingdom. Alipofariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza, wakati huo ikiwa bado ndani ya Kinondoni, maelfu ya watu walikwenda kumuaga kwenye viwanja vya Leaders Club. Alizikwa makaburi ya Kinondoni, akiwa hajatimiza miaka 30.

Filamu za enzi hiyo zinafaa sana kwa somo la uchambuzi, na ni hasara kwamba wanafunzi wengi huzichukulia kama kitu cha kuona aibu mbele ya sinema za Hollywood. Chukua tukio moja linalojirudia. Gari linafika, honi inapigwa, mlinzi anafungua geti, gari linaingia taratibu, mwenye gari anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi kibarazani, anaingia ndani. Kamera inafuata yote hayo bila kukata. Mtazamaji mwenye haraka atasema muongozaji hakujua kazi.

Mwanafunzi anayechambua huuliza zaidi. Kwanza anauliza soko lilitaka nini. Filamu nyingi ziliuzwa zikiwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, diski mbili kwa hadithi moja, kwa hiyo dakika zilikuwa fedha, na geti linalofunguliwa polepole lilisaidia kuzijaza. Pili anauliza picha yenyewe inatuambia nini. Geti, gari na sebule yenye makochi makubwa ni ndoto ya maisha mazuri, iliyopigwa katika nyumba za kukodi na kuuzwa kwa watu ambao wengi wao walikaa vyumba vya kupanga. Tatu anauliza nani hayumo kwenye fremu. Vichochoro vya Keko, foleni ya maji, mama anayekaanga mihogo mbele ya nyumba: mambo hayo yalijaa mtaani, lakini kwenye skrini yalionekana kwa nadra. Kutokana na maswali hayo matatu mwanafunzi anaweza kuandika insha nzima ya muhula, na kila hoja akaithibitisha kwa dakika na sekunde za filamu aliyonayo mkononi.

Waliodharauliwa macho

Kuna sababu nyingine ya kulipa uzito somo la kutazama. Miongoni mwa waanzilishi wa filamu Afrika Mashariki walikuwemo watu walioamini kwamba Mwafrika hajui kutazama.

Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha wenyeji kuhusu kilimo, afya na matumizi ya fedha. Filamu 35 zilitengenezwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1939, serikali ya Uingereza ikaanzisha kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni. William Sellers, aliyekuwa kiongozi wake, alishikilia kwamba mtazamaji wa kijijini Afrika huchanganywa na picha za karibu, ukataji wa haraka na kamera inayotembea. Akaelekeza filamu ziende polepole, zionyeshe jambo moja baada ya jingine, zisiwe na ujanja wowote.

Wakati nadharia hiyo ikihubiriwa, watu wa Dar es Salaam na Unguja walikuwa wakikata tiketi. Katika miaka ya 1950 walizijaza kumbi za Avalon, Empire na Odeon kuangalia sinema za Kihindi zenye nyimbo, kumbukumbu za zamani na hadithi zinazopishana. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa pwani nzima. Na katika miaka hiyo hiyo Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, aliigiza mhusika mkuu katika Muhogo Mchungu, moja ya filamu za mwanzo za Kiswahili.

Baada ya uhuru serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968. Mwaka 1985 Nangayoma Ng'oge na Mmarekani Ron Mulvihill wakatoa Harusi ya Mariamu, ikatuzwa FESPACO, tamasha kubwa la filamu za Afrika linalofanyika Ouagadougou. Mwaka 2001 Mulvihill na Martin Mhando wakakamilisha Maangamizi, akiwemo Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama mmoja wa wahusika wakuu. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar. Ya pili ilikuja miongo miwili baadaye.

Mwanafunzi anayejua historia hii anamtazama DJ wa kibanda umiza kwa jicho jingine. Wasimulizi kama Lufufu, ambaye sauti yake ilisambaa nchini kupitia kanda na diski, walikuwa wakifanya kinyume kabisa cha maelekezo ya Sellers. Walichukua filamu iliyokatwa kwa kasi, yenye lugha ngeni na desturi ngeni, wakaiongezea tabaka jingine la hadithi, na watazamaji wakafuata yote mawili kwa wakati mmoja. Kampala wapo pia, wakiitwa VJ. Filamu ya Kenya, Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 2018, imempa msimulizi wa banda la video nafasi ya maana: ni miongoni mwa watu wanaoshirikiana kumtimizia msichana mgonjwa ndoto ya kuwa shujaa wa sinema.

Buti juu ya nishani

Somo la uchambuzi hunoga linapoanza na filamu fupi. Walimu wengi wa filamu za Afrika huanza na Borom Sarret ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1963. Ina dakika kama 20 tu. Sembène alikuwa mwashi, kuli wa bandari ya Marseille, kisha mwandishi wa riwaya, na alikuwa anakaribia miaka 40 alipokwenda Moscow kujifunza kushika kamera.

Hadithi yake haina makuu. Mwendesha mkokoteni wa farasi huko Dakar anatoka asubuhi kutafuta riziki. Anabeba watu wasiolipa, anabeba matofali, anambeba baba mwenye maiti ya mtoto wake. Mchana anakubali kumpeleka bwana mmoja aliyevaa vizuri hadi Plateau, mtaa wa wenye nacho, ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Askari anamsimamisha. Anapotoa karatasi zake mfukoni, nishani aliyopewa vitani inaanguka chini. Buti la askari linaikanyaga.

Hapo mwalimu husimamisha filamu na kuuliza: kamera iko wapi? Iko chini. Mtazamaji anashushwa hadi usawa wa nishani, na kutoka hapo askari anakuwa mrefu kama ukuta. Hakuna anayesema neno "ukoloni" wala "dhuluma". Picha moja ya buti na kipande cha chuma imesema kwamba mtu huyu aliyetumiwa vitani sasa hatambuliwi. Kisha mwalimu anawaambia wanafunzi wafumbe macho wasikilize tu. Mkokoteni ukiwa mitaa ya walalahoi muziki ni wa nyuzi za Kisenegali. Ukiingia Plateau, unabadilika na kuwa wa Kizungu. Mpaka wa matabaka umechorwa kwa sauti.

Kijana wa Temeke halazimiki kuelezwa maana ya jambo hilo. Anawajua vijana wa bodaboda na bajaji ambao nyakati mbalimbali wamezuiwa kuingia katikati ya jiji. Anaweza kutoka darasani na wazo la filamu yake mwenyewe siku hiyo hiyo.

Mfano wa nyumbani upo pia, nao una faida ya ziada. Riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, imesomwa na vijana wengi wa kidato cha tano na sita. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza filamu, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, na mwaka uliofuata ikawa filamu ya pili ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar. Mwanafunzi anaweza kuweka kitabu upande mmoja na filamu upande mwingine, akauliza nini kimebaki na nini kimeachwa. Riwaya inasafiri, ina nafasi ya miaka mingi na wahusika wengi. Filamu ina kama saa moja na nusu, kwa hiyo inashika uzi mmoja: Yasmin, msichana aliyeikimbia ndoa ya kulazimishwa, na Denge, kijana anayepigania uhuru wa Zanzibar. Mwandishi anaweza kutuambia Yasmin anawaza nini. Muongozaji hana ruhusa hiyo, kwa hiyo analipeleka wazo kwenye uso, kwenye vazi, kwenye mwanga unaopita dirishani. Na pale riwaya inapomwelezea mhusika mwingine, Mwajuma, kama mwimbaji, filamu imempa nafasi hiyo Siti Amina, mwimbaji wa taarabu ambaye sauti yake tunaisikia wenyewe.

Shivji huyo huyo alianza na kazi ndogo. Shoeshine, ya mwaka 2013, imejengwa juu ya kijiwe cha mng'arisha viatu jijini Dar es Salaam. Kwa mwanafunzi asiye na fedha ya kukodi lokesheni, hilo ni somo la uzalishaji: sehemu moja, kiti kimoja, na jiji zima linapita mbele yake.

Simu, jua na umeme wa TANESCO

Ukifika wakati wa kushuti, swali la kwanza huwa ni vifaa. Jibu lake limebadilika sana. Mwaka 2015 Sean Baker, muongozaji wa Kimarekani, alitoa Tangerine, filamu ndefu iliyopigwa kwa simu za iPhone 5s. Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya mapigano, Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, kwa fedha kidogo mno na kompyuta alizoziunganisha mwenyewe. Simu ya kawaida ya mwanafunzi wa leo inapiga picha zinazotosha kujifunzia kila kitu cha msingi, mradi mwenye simu aizuie isiamue kila jambo kwa niaba yake.

Uamuzi wa kwanza ni wa mwanga. Dar es Salaam iko chini kidogo ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena wiki ya pili ya Oktoba, jua la saa sita mchana hupita juu ya utosi kabisa, na miezi mingine bado hubaki juu. Mwanga wa namna hiyo unatia kivuli kwenye mashimo ya macho na chini ya pua, na uso unakuwa kama wa mtu asiyelala. Ndiyo maana wanaoijua kazi hupanga matukio ya nje saa moja hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, wakikumbuka kwamba ukanda huu jua likianza kuzama halimsubiri mtu. Ikilazimu kupiga mchana, mwigizaji huingizwa chini ya mwembe au kibaraza, kisha msaidizi anashika shuka jeupe au ubao mweupe kurudisha mwanga usoni.

Ngozi nyeusi ina somo lake. Kwa miongo mingi kampuni ya Kodak ilizipa maabara kadi za majaribio zenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi za "Shirley", na rangi za picha zote zikarekebishwa kumfuata yeye. Watu weusi wakatoka kwenye picha wakiwa wameungua kama kivuli. Kamera za sasa zimeboreshwa, lakini simu ikielekezwa kwa mtu aliyesimama mbele ya ukuta mweupe au anga la mchana, bado itapima ukuta na kumsahau mtu. Dawa yake ni kugusa uso kwenye kioo cha simu, kufunga kipimo hapo, na kumsogeza mhusika mbali na ukuta. Ikiwa ni usiku, taa ndogo ipigwe kwa ubavu, impe shavu umbo lake.

Kosa jingine wanalokutana nalo wanaoshuti ndani ni mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha. Umeme wa Tanzania unapiga mizunguko 50 kwa sekunde. Simu nyingi zimewekwa kupiga fremu 30 kwa sekunde, shata ikiwa moja ya 60, na hapo taa za tyubu au za bei nafuu zinagombana na kamera. Ukiweka fremu 25 kwa sekunde na shata moja ya 50, kwa kawaida ugomvi unakwisha. Mipangilio hiyo haipo kwenye kamera ya kawaida ya simu nyingi, lakini zipo programu za bure zinazoiruhusu.

Baada ya mwanga, mpangilio. Chukua tukio la dakika mbili: mama lishe wa Tandika anamdai kijana aliyekula wiki nzima kwa mkopo. Picha pana inatuonyesha banda, masufuria, wateja waliokaa. Picha ya kati inawaleta hawa wawili pamoja, meza ikiwa katikati. Kisha picha za karibu zinapokezana: mama, kijana, mama. Hapa ndipo sheria ya mstari inapofanya kazi. Kati ya wahusika hao wawili kuna mstari wa kufikirika, na kamera inabaki upande mmoja wake. Ikivuka bila mpango, mama aliyekuwa akitazama kulia ataonekana anatazama kushoto, na mtazamaji atadhani wote wawili wanamwongelesha mtu wa tatu. Picha ya mwisho inaweza kuwa ya daftari la madeni: kidole cha mama kimesimama juu ya jina, jina limekatwa kalamu mara nne na kuandikwa upya mara nne. Hakuna mazungumzo yanayoweza kueleza subira yake vizuri kuliko ukurasa huo.

Kinachoangusha kazi nyingi za wanafunzi ni sauti. Mtaa wa Dar haunyamazi: bodaboda, jenereta, adhana, kwaya, gari la matangazo, singeli kutoka kwa jirani. Maiki iliyo ndani ya simu husikia vyote sawasawa. Simu ya pili ikiwekwa karibu na mdomo wa mwigizaji, chini ya meza au mfukoni, na makofi yakapigwa mara moja mbele ya kamera kabla ya kuanza, mhariri ataweza kuoanisha sauti na picha baadaye. Kabla ya kuondoka, kila mtu anyamaze kwa nusu dakika, ili mazingira yenyewe yarekodiwe. Sauti hiyo ndiyo inayofunika viraka vya uhariri. Sembène hakuwa na uwezo wa kurekodi sauti papo hapo alipopiga Borom Sarret. Aliiweka yote baadaye, na bado filamu inasikika imejaa mji.

Mezani kwa mhariri

Mwaka baada ya mwaka, wanafunzi wa filamu duniani hurudia jaribio linalohusishwa na Lev Kuleshov, mwalimu wa Kirusi wa miaka ya 1920. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin usioonyesha hisia yoyote, akaiunganisha na sahani ya supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, majonzi na tamaa, ilhali uso ulikuwa ule ule.

Jaribio hilo linafanyika Mbagala kwa mchana mmoja. Mzee anakaa kibarazani, anaangalia mbele kwa sekunde kumi. Halafu zinapigwa picha za sahani ya ubwabwa na maharage, za viatu vya mtoto vilivyoachwa mlangoni, na za tingatinga la ujenzi wa barabara. Zikiunganishwa moja moja na uso wa mzee, zinatoka hadithi tatu: njaa, upweke, hofu ya kubomolewa nyumba. Mwanafunzi akishaliona hilo kwa kazi ya mikono yake, hatatazama tena taarifa ya habari kwa macho ya zamani. Atajiuliza kwa nini baada ya uso wa mwanasiasa iliwekwa picha ya umati unaoshangilia, na kama vitu hivyo viwili vilitokea mahali pamoja. Kwa mwanafunzi wa habari faida hiyo ni kubwa kuliko filamu yenyewe.

Stadi hizi zina soko. Biashara ya diski ilipodorora, kazi ilihamia kwenye runinga za kulipia na intaneti. Azam TV ilianza kurusha matangazo mwaka 2013, na Maisha Magic Bongo ya DStv ikawa dirisha jingine. Tamthilia kama Huba, na Jua Kali ya Leah Mwendamseke, maarufu kama Lamata, zimekuwa zikihitaji kila wiki watu wa kamera, sauti, mavazi, mapambo na uhariri. Binti ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, ilifika Netflix mwaka uliofuata. Tamasha la filamu la ZIFF, linalofanyika Zanzibar tangu 1998, limekuwa dirisha la filamu fupi za vijana. Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na Mira Nair mwaka 2004, imewanoa waandishi na waongozaji wa Afrika Mashariki nzima.

Kuna pia upande wa sheria ambao haupaswi kumshtua mwanafunzi akiwa ameshaweka tripodi barabarani. Utengenezaji wa filamu unasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria Namba 4 ya mwaka 1976, na vibali vinahitajika. Mtaani kwenyewe, barua ya chuo, hodi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na salamu kwa mjumbe huokoa siku nzima ya kushuti.

Pengo lililobaki ni la kumbukumbu. Mwanafunzi wa Dar anaweza kupata filamu ya Kirusi ya miaka 100 iliyopita kwa dakika chache mtandaoni, lakini akitafuta kazi za Kaole za miaka ya 1990, au video za mwanzo za Bongo Movie, atategemea bahati. Kundi la Ajabu Ajabu la Dar es Salaam limeonyesha njia mojawapo: katika filamu yake fupi ya mwaka 2023, Tenzi za Sinema, limewafuata wasimulizi na wauzaji wa filamu wa mitaani, na Maangamizi ikapewa sauti ya DJ ili irudi kwa watazamaji ambao haikuwahi kuwafikia. Vyuo vinaweza kwenda mbali zaidi: DJ wa Tandika aalikwe darasani aeleze anavyochagua mahali pa kunyamaza, wapigapicha na wahariri wa miaka ya 2000, ambao wengi wao bado wapo, wahojiwe na kurekodiwa. Na mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho anaweza kuanza na kabati la nyumbani kwao Temeke au Kinondoni, aulizie zilizobaki Kariakoo, aorodheshe jina la muongozaji, mpigapicha na mhariri wa kila VCD atakayoipata, na kuikabidhi orodha hiyo pamoja na diski zenyewe kwa maktaba ya chuo chake kabla hazijakwaruzika zaidi.